Ya Tatu Ndiyo Huamua

Jumamosi, 8 Machi 2025

Wanyoike ametangaza mbele ya watu, kwa hivyo hawezi kugeuka. Kuanzia Jumamosi ijayo hadi mwisho wa masika, ukumbi wake wa filamu hapa Kiganjo utaonyesha tatu-tatu peke yake: filamu tatu zenye hadithi moja, zote kwa siku moja, kuanzia saa tatu asubuhi hadi jioni. Watu wamebishana kiangazi chote kuhusu tatu-tatu ipi ni bora duniani, mpaka wiki jana Muoki wa bodaboda na fundi mmoja wa viatu nusura washikane mashati. "Basi tupange," Wanyoike akasema. "Tuandike kwa ukuta, number one mpaka number ten. Mtu hataki, aangalie ukuta ya kwao."

Lakini hilo silo lililonifanya ninunue daftari hili. Mimi niko ukumbini mwaka wa pili sasa, nakata tiketi na kuendesha laptopu na projekta. Mwenye maikrofoni ni Simeon. Yeye ndiye dijei: filamu inaongea Kichina au Kihindi, naye anaifunika kwa Kiswahili, sauti zote, ya jambazi, ya polisi, ya mama mzazi na ya mbuzi. Ameishika maikrofoni hiyo miaka kumi na tisa. Desemba alipougua homa nilimshikia siku nne, watu wakapenda, na tangu hapo sijampa Wanyoike usingizi. Sasa ameamua. Tatu-tatu tano za Simeon, tano zangu. Itakayoongoza ukutani, aliyeitafsiri atabaki na maikrofoni. Simeon alikubali bila hata kuweka kikombe chake cha chai chini.

Nikishindwa, shangazi yangu Ndinda amenitafutia nafasi katika kiwanda cha nguo kule Ruiru, kushona mifuko ya suruali kuanzia tarehe mbili Juni. Sitashindwa.

Jumapili, 9 Machi

Badala ya kusikiliza mahubiri nilipanga orodha yangu mwenyewe. Kanuni ni moja tu. Tatu-tatu ni mafiga. Ya kwanza inaweza kuwa nzuri kwa bahati, ya pili kwa bidii, lakini ya tatu ikiwa fupi kuliko wenzake, chungu kinamwagika, na hakuna atakayekumbuka kwamba mchuzi ulinukia. Nimetazama zaidi ya arobaini. Nyingi zimemwagika.

Namba moja yangu haina mjadala: Ndugu wa Reli. Si jina lililo kwenye kasha. Kiganjo tunaita filamu kwa jina ililopewa na dijei, na hiyo ilibatizwa na Simeon mwaka wa 2012. Ni ndugu wawili wa Kihindi. Mkubwa anapanda treni kwenda kutafuta kazi, mdogo anabaki na mama. Katika ya tatu, miaka ishirini imepita, mkubwa anashuka kituoni na ndevu mpaka kifuani, mama anamtambua, wanakumbatiana. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nililia mpaka nikapata kwikwi. Nimeiweka mwisho, zamu yangu ya tarehe 24 Mei. Mwerevu huacha nyama iliwe mwisho.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua ya kwanza na zamu ya kwanza ya Simeon: Mama Kisu, ya Wachina, kuhusu muuza nyama anayetafuta waliomchomea duka. Kura zinapigwa kwa maharagwe. Kila mtu anapewa matano mlangoni, na akitoka anatumbukiza kwenye debe kadiri alivyofurahia, mengine anarudisha. Ukumbi unachukua watu sitini na mvua ikinyesha haibaki benchi tupu.

Simeon alipata maharagwe 261. Nilihesabu mara mbili nikitumaini nimekosea. Na nusu ya maneno aliyoyasema hayamo kwenye filamu. Jambazi alisema "ondoka" na Simeon akampa hotuba ndefu kuhusu bei ya unga. Nilikuwa kwenye laptopu nikisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, naona uongo mmoja baada ya mwingine, na watu wanapiga benchi kwa kucheka. Mimi nitatafsiri kilichosemwa.

Jumamosi, 22 Machi

Roboti Mlinzi. Nilitafsiri kila neno. Maharagwe 143. Katika ya pili watu wawili walilala, mmoja akakoroma.

Muoki, anayejifanya rafiki yangu kwa sababu sote kwetu ni Gatuanyaga, alinisubiri nje. "Kavata, hiyo si movie. Hiyo ni news unasoma."

Filamu yenyewe ina figa la tatu bovu, hilo naliandika hapa na halifutiki.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumamosi, 29 Machi

Simeon, 224. Shangazi Ndinda alipiga simu kuuliza vipimo vyangu vya ovaroli. Nilimwambia asubiri.

Jumamosi, 5 Aprili

Zamu yangu ya pili, Wawindaji wa Jangwa. 189. Napanda, lakini napanda kama mzee anayepanda ngazi. Shosho Waruguru, mama mzee anayeuza chai na mandazi kwenye kibanda cha nje na hukaa benchi ya mbele kila Jumamosi, aliniletea chai kabla ya ya tatu kuanza. "Koo ikikauka hata mambo tamu inatoka kavu," alisema. Nilimuuliza kama nimetafsiri vizuri. Akasema nilitafsiri sawasawa kabisa. Kuna sifa ambazo ukizisikia unajua umeshindwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Lazima niandike ya leo yote, ingawa inaniuma.

Simeon alikuwa na Mabaharia Watatu. Saa nane hivi, katikati ya ya pili, mvua ilishuka kwa nguvu ambayo sijaiona tangu msimu uanze. Ukumbi wetu ni mabati juu, mabati pembeni. Spika zilimezwa. Ungeona midomo ikicheza pale ukutani na usisikie hata mlio wa bunduki. Niliongeza sauti mpaka mwisho, wapi. Kisha maji yakaingia kwenye waya wa maikrofoni, ikanguruma, ikafa.

Nilijua watu wataanza kudai kurudishiwa tiketi. Mimi ningewarudishia.

Simeon aliweka maikrofoni chini, akatembea hadi benchi ya kwanza, akainama, akawaambia watu wa benchi hiyo kinachosemwa. Akaenda ya pili, akawaambia. Ya tatu. Alipofika ya mwisho alirudi ya kwanza mbio na kuwaambia yaliyowapita. Watu wakaanza kupashana wenyewe, kila mmoja akimgeukia wa nyuma yake, na filamu ikawa inasafiri ukumbini kwa midomo. Jahazi lilipozama pale ukutani, benchi ya mbele walishtuka kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Alifanya hivyo saa nzima na dakika ishirini. Ana miaka hamsini na minane.

Nilimtazama nikiwa nimeshika laptopu isilowe. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari hili kwamba ni mwongo, na sijafuta, lakini leo nimeona kwamba yeye hatafsiri filamu. Anawatafsiria watu. Mimi nilikuwa nimewapa kisogo.

Maharagwe 247. Alipomaliza hakuwa na sauti, akaniomba maji ya moto kwa kuashiria kwa mkono.

Jumamosi, 19 Aprili

Hakuna filamu, ni Pasaka. Niko nyumbani Gatuanyaga. Mvua imefika hata huku kwetu kwenye vumbi, ndengu za mama zimesimama vizuri. Alipika kuku akaniuliza kama bado nafanya ile kazi ya kupiga kelele gizani. Nikamwambia ndiyo, na nitaifanya mpaka nizeeke.

Jumamosi, 26 Aprili

238! Wezi wa Theluji. Nilikaa upande wa watu, nikaiacha laptopu ijiendeshe. Ule mlima wao wenye barafu niliuhamishia Ol Donyo Sabuk, na mkuu wa wezi nikamfanya kondakta mstaafu wa matatu za Githurai 45 anayehesabu watu wake kabla ya kila wizi. Sikubadilisha kisa hata kidogo. Nilikivisha tu nguo za hapa.

Simeon alipita nyuma yangu akielekea nje, akasema, "Sasa unaongea." Nilichukia jinsi nilivyofurahi.

Jumamosi, 3 Mei

Simeon, 230. Koo lake halijarudi tangu ile mvua. Anapoigiza sauti ya mwanamke inakatika katikati, na watu wanajifanya hawasikii.

Jumamosi, 10 Mei

Mimi, 252. Nimemkaribia Mama Kisu mpaka nanusa shombo la duka lake. Bado nina Ndugu wa Reli, nayo ni bora kuliko zote. Nimemwambia Wanyoike aanze kuzoea kuniita dijei.

Jumamosi, 17 Mei

Zamu ya mwisho ya Simeon, 241. Amemaliza zake. Sasa ni kwangu: nikivuka 261, maikrofoni ni yangu.

Jumanne, 20 Mei

Mchana wote nilikuwa peke yangu ukumbini nikiitazama Ndugu wa Reli na maandishi yake ya Kiingereza, kalamu mkononi, kujiandaa. Sikuwa nimeiona tangu 2012. Ya kwanza, safi. Ya pili, bora zaidi. Nikafika kwenye ya tatu, pale kituoni, ndevu mpaka kifuani, mama anaacha mzigo wake uanguke.

Yule mwanamume akasema, kwa maandishi meupe yanayosomeka vizuri: Mama, mimi siye.

Nilirudisha nyuma mara nne. Mama anamwita kwa jina la mwanawe. Yeye anasema siye, ni abiria tu, amekosea kituo. Mama hasikii, anamshika uso. Basi anasema: mzigo wako ni mzito, acha nikufikishe nyumbani. Anaubeba, wanaondoka pamoja, mwisho. Ndugu mkubwa hakurudi. Hajarudi hadi majina yanapoanza kupanda.

"Mama, nimerudi." Hayo maneno niliyobeba miaka kumi na mitatu, hayapo. Hayajawahi kuwepo. Namba moja yangu, kipimo nilichopimia nyingine zote arobaini, ilitungwa na Simeon akiwa amesimama pale kwenye kona na maikrofoni. Nimeshinda msimu mzima nikijivuna kwamba mimi natafsiri kilichosemwa, kumbe nilichokipenda kuliko vyote hakikusemwa na mtu. Nina hasira sana, na sijui ni ya nani.

Jumatano, 21 Mei

Nilienda kwa Simeon asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ploti anakopanga, anakunywa maji ya tangawizi kwa ajili ya koo.

"Baba Ngendo," nikasema, "ile part three ya Ndugu wa Reli. Yule mtu si mwanawe."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Wewe unafikiria sijui kusoma?"

Nikamuuliza kwa nini basi. Aliweka kikombe cha tangawizi chini.

"Unajua Waruguru alikuwa na kijana, Githae. Alitoka hapa Christmas ya 2008, akasema anaenda Mombasa kutafuta job. Hajawahi piga simu. Hajawahi onekana. Sasa hiyo siku mamake alikuwa hapo bench ya mbele, ameshika leso hivi. Ikafika hapo kwa stesheni, nikaona vile anaangalia. Mdomo ikakataa kusema. Nikajiskia nimesema, Mama, nimerudi."

"Ulidanganya hall mzima."

"Nilidanganya mtu mmoja. Wengine walikuwa tu hapo."

Nikamuuliza nifanye nini Jumamosi. Nikisema alivyosema yeye, hao waliokuwepo 2012 watalia tena na maharagwe yatajaa debe. Nikisema ukweli, Waruguru atakuwa palepale benchi ya mbele. Sikuona aibu kumuuliza, ingawa ni yeye nataka kumng'oa.

"Hiyo Saturday mic ni yako," alisema. "Siwezi kukuambia vile utaongea. Mimi mwenyewe sikuulizwa."

Alhamisi, 22 Mei

Mvua haijanyesha leo. Shangazi ametuma picha ya ovaroli, ni ya kijani.

Jumamosi, 24 Mei

Watu walikuwa zaidi ya sitini, wengine wamesimama mlangoni. Manyunyu tu juu ya mabati, kila neno linasikika. Simeon alisimama nyuma kabisa. Waruguru alikuwa mahali pake.

Ya kwanza na ya pili nilizifanya vizuri kuliko nilivyowahi kufanya kitu chochote, na sitajifanya mnyenyekevu. Nilimpa mama wa filamu sauti ya mama yangu anapoita mbuzi jioni. Treni niliipitisha kwenye reli yetu ya hapa Thika. Muoki alikuwa anapangusa macho kwa glavu ya pikipiki.

Mpaka treni inasimama pale kituoni sikuwa nimeamua. Hilo ndilo la kweli. Nilikuwa na sentensi mbili mdomoni. Nikamtazama Waruguru, nikaona kwamba nikisema ile ya Simeon nitakuwa nimemshikia tu, kama Desemba. Ile ilikuwa yake, aliitoa tumboni mwake siku ile kwa sababu yake. Mimi ningeiiba tu nipate maharagwe. Nikasema, "Mama, mimi siye."

Ukumbi ukalipuka.

"Zii, huyo ni yeye!" Muoki alikuwa amesimama. "Simeon alisema ni yeye!"

"Alirudi! Mimi nilikuwa hapa!"

"Kavata anaharibu movie!"

Wanyoike akaniambia nisimamishe, nikasimamisha. Yule mwenye ndevu akabaki ukutani amefungua mdomo. Wote waligeuka nyuma kumtafuta Simeon. Mtu akapaza sauti, "Baba Ngendo, mwambie huyu msichana. Ni yeye ama si yeye?"

Angesema "ni yeye" na yangekwisha. Neno lake na langu, miaka kumi na tisa dhidi ya wiki kumi. Maikrofoni ingebaki yake, na mimi ningekuwa Ruiru nikishona mifuko, na nadhani hakuna mtu ukumbini humo asiyelijua hilo. Alikohoa kwanza.

"Si yeye," alisema. Sauti yake ilikwaruza, ilibidi watu wanyamaze wamsikie. "Hakuwa yeye hata 2012. Mimi ndiye nilidanganya. Huyu msichana anasoma chenye kimeandikwa."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Ndipo Waruguru akaongea bila kugeuka.

"Mimi nilijua."

Simeon alisema, "Shosho?"

"Nyinyi mlikuwa mnaangalia ndevu. Mimi niliangalia mkono. Yule kijana wa part one anashika kila kitu na left. Huyu alibeba mzigo na right. Mzazi hawezi kosa hiyo." Alikunja leso yake vizuri akaiweka mapajani. "Lakini hapa Kiganjo watu walikuwa wameacha kutaja Githae. Wakiniona wanaanza story ya sukari. Simeon peke yake ndiye alisimama mbele ya watu akasema mtoto wa mtu anaweza rudi. Nikamwacha aseme. Ilikuwa inamsaidia."

Simeon alikuwa ameegemea mlango, uso umeloa, wala hakujificha.

"Kavata," Waruguru akasema, "washa hiyo kitu tumalize. Tunataka kuona huyo mtu kama alimfikisha nyumbani."

Nikaanza tena palepale. Yule mgeni akasema mzigo ni mzito, akaubeba, nami nikaitikia kwa sauti ya mama, na walipotembea kuelekea nyumbani sikusema chochote, kwa sababu hakuna kilichosemwa. Manyunyu yalikuwa yakigonga mabati. Ndivyo ilivyoisha.

Wanyoike alihesabu mwenyewe, mbele ya watu. Maharagwe yalikuwa yamegawiwa sitini wa kwanza kuingia tu, kama sheria ilivyo. 266.

Jumapili, 25 Mei

Ukutani imeandikwa kwa chaki, namba moja hadi kumi, na Ndugu wa Reli iko juu. Muoki tayari anasema namba nne na namba tano zimebadilishana viti.

Hapa kwenye daftari langu orodha ni nyingine. Namba mbili ni Ndugu wa Reli ya jana. Namba moja ni ya Simeon ya 2012, ambayo haipo kwenye diski yoyote wala laptopu yoyote. Nimejaribu kuishusha iwe namba mbili, haishuki. Nimeshinda, nimefurahi, na nimelia kidogo, kwa mpangilio huo. Nilimpigia shangazi nikamwambia ovaroli ampe mtu mwingine.

Jumatano, 28 Mei

Simeon amekuja kuchukua kikombe chake cha chai. Alisema atakuwa anashika maikrofoni kwenye harusi za upande wa Githurai, huko wanataka maneno machache. Nilitaka kusema jambo kubwa. Nilisema, "Asante, Baba Ngendo." Akasema nisiwe nakunywa maji baridi.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua imekwisha. Leo ilikuwa filamu moja ya kawaida ya Wakorea, wezi na benki, na maikrofoni ni yangu.

Simeon alinunua tiketi kama mtu yeyote na kukaa benchi ya mbele, kando ya Waruguru, na pakiti ya njugu. Sijawahi kumwona akitazama filamu akiwa amekaa. Sehemu kubwa ilienda vizuri. Kisha, pale jambazi mkuu anapoingia benki na kuanza kuongea, maandishi kwenye laptopu yakapotea. Nikabonyeza huku na huku. Hakuna kitu. Mtu mzima anaongea Kikorea, ananyoosha kidole, anapiga meza, na mimi sijui hata neno moja.

Kichwa kimoja kikageuka kumtazama Simeon, kisha viwili, kisha benchi zote. Hata mimi nilimtazama.

Yeye alikuwa anatafuna njugu, macho kwenye filamu. Hakugeuka.

Nikasogea karibu na watu, nikampa yule jambazi jina, nikaendelea.